Kupunguza ganda la chungwa kwenye rangi ya kiwandani bila kuimaliza klia

Simama ubavuni mwa gari jeusi usiku, chini ya taa ndefu za mrija kama zile za vituo vya mafuta, kisha itazame taa ndani ya mlango. Ukiona mrija umenyooka na kingo zake zimekatika safi, rangi hiyo ni tambarare. Ukiona kingo zinatetemeka, kama taa inayoangukia maji yaliyoguswa na upepo, hilo ndilo ganda la chungwa: vijilima na vibonde vidogo sana vilivyokauka pamoja na klia, lile tabaka angavu linalokaa juu ya rangi. Shika chungwa mkononi, utaelewa jina limetoka wapi.

Wengi wanaoniletea gari kwa shida hii huanza na swali moja: "Fundi, hili lilishapigwa rangi upya nini?" Wameambiwa rangi ya kiwandani lazima iwe kama kioo. Sivyo. Karibu kila gari linaloshuka bandarini Dar es Salaam au Mombasa, hata lile ambalo halijawahi kuguswa na fundi rangi, lina ganda la chungwa kiasi fulani, na milangoni huonekana zaidi kuliko kwenye boneti.

Sababu iko kiwandani kwenyewe. Klia hupulizwa na roboti zenye kikombe kinachozunguka kwa kasi kubwa, na matone yake huvutwa kwenye bodi kwa umeme tuli. Ikishatua hupewa dakika chache itulie na kujisawazisha, halafu bodi huingia kwenye tanuri la nyuzi joto 140 hivi. Klia nene yenye majimaji hujisawazisha vizuri, lakini mlango umesimama wima, na klia ya namna hiyo ikipigwa mlangoni huchuruzika. Kati ya michuruziko na vijilima, kiwanda huchagua vijilima.

Sasa shika hesabu hii kabla hujashika msasa. Kuanzia bati kwenda juu kuna praima, yaani rangi ya msingi, ya kuzamisha, kama maikroni 20 (maikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita). Juu yake praima ya pili, kama 30, ingawa viwanda vingine siku hizi wameiondoa. Kisha rangi yenyewe, kama 15. Mwisho klia, maikroni 35 hadi 50. Jumla mara nyingi ni 100 hadi 130, na yapo magari ya Kijapani yanayosoma 90 tu. Unywele mmoja wa kichwani ni kama maikroni 70. Yaani klia yote inayolikinga gari lako ni nyembamba kuliko unywele, na kazi unayotaka kufanya ni kuipunguza tena.

Ndani ya klia hiyo ndimo ilimo kinga ya jua. Angalia magari yanayopita barabarani yenye mapaa yaliyogeuka meupe na kubanduka vipande kama ngozi ya mtu aliyeungua. Klia ikishafika hapo hakuna polishi ya kuirudisha. Ndiyo maana mimi huwa nasema kupunguza ganda la chungwa, sisemi kuliondoa. Anayekuahidi kwamba rangi ya kiwandani ataifanya kioo kitupu, muulize kwanza amepima maikroni ngapi. Kama hana kipimo, chukua funguo zako.

Hatua ya kwanza: hakikisha ni rangi ya kiwandani

Fungua boneti utazame boliti zinazoshika fenda. Rangi ikiwa imepasuka kwenye pembe za boliti, fenda ilishawahi kufunguliwa. Pitisha ukucha kwenye ukingo wa ndani wa mlango. Ukigusa kijukwaa kidogo kilichonyooka, hapo palibandikwa tepu na fundi rangi. Kagua mipira ya vioo kama ina vumbi la rangi. Kama gari uliagiza Japani na karatasi ya mnada bado unayo, tazama ule mchoro wa gari: herufi W huonyesha sehemu iliyonyooshwa, na XX ni sehemu iliyobadilishwa. Sehemu kama hizo zina rangi ya gereji, na hesabu yake ni nyingine kabisa.

Kisha jua kama gari lako lina klia au halina. Paka polishi kidogo mahali pasipoonekana, sugua kwa kitambaa, kitazame. Kikibeba rangi ya gari, hakuna klia juu. Unachogusa ni rangi yenyewe. Watu wa Probox na Hiace nyeupe wasikilize hapa: ile nyeupe ya Toyota ya namba 040 mara nyingi haina klia. Namba utaisoma kwenye kibati cha gari, penye maandishi C/TR. Na jaribio la gari jeupe lifanye kwa kitambaa cheusi, maana weupe juu ya kitambaa cheupe hutauona, utadhani kuna klia wakati hakuna.

Hatua ya pili: pima

Kipimo cha unene wa rangi ni kifaa cha kutosha kiganjani. Kabla ya kukitumia kisawazishe kwenye kile kibati kinachokuja nacho. Cha bei ndogo husoma chuma tu. Boneti nyingine ni za alumini, ya Prius kwa mfano, na hapo unahitaji kipimo kinachosoma vyote viwili. Sumaku ya kawaida itakuonyesha: isiposhika, si chuma. Bampa ni plastiki, vipimo hivi haviisomi kabisa. Kwa sababu hiyo bampa mimi siipigi msasa, naishia kwenye polishi.

Pima kila sehemu mara tano au zaidi: katikati, pembeni, juu, chini. Andika namba kwa penseli kwenye tepu ya karatasi na uibandike hapohapo ulipopima. Mlango mmoja unaweza kukupa 118 katikati na 96 karibu na kitasa. Namba inayoamua ni ile ndogo.

Mimi naamua hivi. Chini ya 100, sipigi msasa. Napiga polishi tu, na mteja namwambia ukweli kwamba vijilima vitabaki. Kati ya 100 na 120, natumia msasa laini kabisa, namba 3000, basi. Ikizidi 120 kwa rangi ya kiwandani, naweza kushuka hadi 2000, ulio mkali zaidi, nikiwa makini. Ikizidi 200, rudi hatua ya kwanza: mtu alishapaka kitu hapo, na huenda chini kuna puti, ile ya kujazia mabonde ya bati.

Kikomo changu cha kupunguza ni maikroni 8 kwa kazi yote, msasa na polishi pamoja. Kumbuka pia kwamba kipimo chenyewe hukosea maikroni mbili tatu, kwa hiyo tofauti ya 2 isikutie furaha wala hofu. Pima palepale palipowekewa alama, mara kadhaa, uchukue wastani.

Hatua ya tatu: osha, kisha osha tena

Chembe moja ya mchanga chini ya msasa namba 3000 inachora mfereji ambao maikroni 8 hazitoshi kuufuta. Osha gari kwa sabuni, suuza, kisha pitisha udongo wa kusafishia rangi, ule unaokandwa kama unga, huku ukinyunyiza maji ya sabuni. Udongo huo ukianguka chini, utupe, chukua kipande kingine. Mikono nayo inawe, pete na saa viondoke.

Fanyia kazi kivulini. Boneti iliyokaa juani Dar saa saba mchana huwezi kuikalisha kiganja, na klia ya moto hulainika, msasa huikwangua badala ya kuikata. Kama maji yako ni ya kisima chenye chumvi, kama yalivyo mitaa mingi ya Dar, nunua madumu mawili ya maji yasiyo na chumvi kwa ajili ya kazi hii. Chumvi ikikauka inaacha chembe, na chembe hizo ndizo tunazozikimbia.

Hatua ya nne: tepu kwenye kingo

Rangi mbichi ikiingia kwenye tanuri hukimbia kingo kali na kujikusanya mahali palipo bapa. Hivyo ukingo wa mlango, mstari wa bodi uliokunjwa na mdomo wa fenda vina klia nyembamba kuliko katikati. Bandika tepu ya karatasi kwenye kila ukingo na kila mkunjo, iingie ndani milimita 5 hivi.

Hatua hii niliiruka mara moja. Lilikuwa gari la ndugu yangu, la bluu iliyoiva, na fenda yake ina mkunjo unaokwenda hadi mlangoni. Nilijiambia mkono wangu umezoea, nitaupita pembeni. Pasi ya tatu ya msasa, uji uliotoka chini yake ulikuwa wa bluu, yaani klia imeisha na nakata rangi yenyewe. Nilisimama palepale, lakini mstari mwembamba kama uzi ulishafunguka juu ya mkunjo, urefu wa kidole. Fenda nzima ilibidi ipakwe upya, na hadi leo ikipigwa na jua la jioni naiona ilivyotofautiana na mlango. Tepu yenyewe haichukui hata dakika kumi kubandika.

Hatua ya tano: dirisha la majaribio

Usianze na mlango mzima. Kata kwa tepu dirisha la sentimeta 15 kwa 15, mahali palipo bapa na penye namba nzuri. Kazi yote, tangu msasa hadi polishi ya mwisho, ifanye ndani ya dirisha hilo kwanza. Huenda ukagundua kwamba klia ya gari lako ni ngumu na mikwaruzo ya msasa haitoki kwa kompaundi uliyonayo, ile polishi kali ya kukata. Ni afadhali ulijue hilo kwenye sentimeta 15.

Hatua ya sita: msasa wa maji

Loweka misasa kwenye ndoo ya maji safi yenye matone machache ya sabuni ya vyombo, nusu saa nzima, mpaka mgongo wa karatasi ulegee. Msasa mkavu una pembe kali zinazokuna.

Usiushike kwa vidole vitupu. Vidole vinne ni matuta manne, yatachora mifereji minne. Tumia kibao cha sifongo kigumu kiasi: cha mbao hakifuati mviringo wa mlango, na sifongo laini mno huingia vibondeni pamoja na msasa, ukaishia kung'arisha vijilima badala ya kuvikata.

Anza na msasa laini kuliko unaodhani utahitaji. Kadiri namba inavyopanda, ndivyo chembe inavyokuwa ndogo: msasa wa P1500 una chembe za wastani wa maikroni 12.6, P2000 ni 10.3, P2500 ni 8.4. Ukianza na 1500 kwenye rangi ya kiwandani, sehemu kubwa ya kikomo chako itakwenda kwa kufuta mikwaruzo uliyoitia mwenyewe. Watu wa gereji wanaopiga klia yao matabaka matatu mazito wanaweza kuanza na 1500. Wewe huwezi.

Lowesha sehemu, weka kibao, sukuma kwa mstari ulionyooka, kwenda na kurudi, bila kukandamiza. Uzito wa mkono wenyewe unatosha. Usizungushe duara. Pasi kumi tu, kisha simama. Futa maji kwa kile kibao cha mpira cha kukaushia vioo, uinamishe kichwa, utazame dhidi ya mwanga.

Hapa ndipo kazi yote ilipo, kwa hiyo tazama vizuri. Klia iliyokatwa itakuwa imefubaa, rangi ya maziwa hafifu. Ndani ya ufubavu huo utaona vidoa vingi vinavyong'aa, vidogo kama punje za mtama. Vidoa hivyo ni vibonde, msasa haujavifikia. Baada ya pasi kumi nyingine vitapungua na kusinyaa. Mkono utatamani kuendelea mpaka kidoa cha mwisho kipotee. Uzuie. Ufubavu ukishafika kama robo tatu ya eneo, na vidoa vilivyobaki vikiwa vidogo na vimetawanyika, acha. Vibonde vilivyobaki, baada ya polishi, jicho la mtu aliyesimama hatua mbili halivioni, na mrija wa taa utaonekana umenyooka. Kuvifuata mpaka chini kunagharimu klia kuliko faida utakayoiona.

Uji unaotoka uwe mweupe. Ukibadilika kuwa na rangi ya gari, acha papo hapo, umefika chini. Kwa gari lisilo na klia uji utakuwa wa rangi tangu mwanzo, kwa hiyo dalili hii huna. Unabaki na kipimo peke yake.

Kama ulitumia 2000, fuata 2500 kisha 3000, kila mmoja ukiukatiza mwenzake: wa kwanza ukienda wima, wa pili uende mlalo. Hivyo utaona wazi mikwaruzo ya nyuma imeisha au la. Badilisha maji ya ndoo kila unapobadilisha msasa. Malizia na pedi ya sifongo namba 5000 kama unaipata, itakupunguzia kazi ya mashine sana.

Pima tena. Andika.

Hatua ya saba: kompaundi

Kabla ya kuwasha mashine, kausha sakafu na waya, ndoo zisogezwe mbali. Umeme na maji ya msasa havikai pamoja.

Kwa mikwaruzo ya msasa hutumika pedi ya manyoya na kompaundi ya kukata. Mashine ya kuzunguka moja kwa moja hukata haraka, lakini huchoma haraka vilevile. Iendeshe kati ya mizunguko 1,000 na 1,500 kwa dakika, isizidi. Anayeanza achukue ile inayozunguka huku ikitikisika. Itamchukua muda mrefu zaidi, lakini itamsamehe.

Tia matone manne au matano kwenye pedi, yasambaze mashine ikiwa imezimwa, kisha fanya eneo la sentimeta 40 kwa 40, pasi nne hadi sita, mashine ikitembea polepole na pedi imelala bapa. Baada ya kila awamu weka kiganja juu ya rangi. Ikiwa ya uvuguvugu, endelea. Ikiwa huwezi kuacha kiganja hapo, ngoja ipoe. Bampa hupata moto upesi kwa sababu plastiki haisambazi joto kama bati. Safisha pedi kwa brashi kila baada ya eneo moja, maana kompaundi iliyokauka humo hurudi kuchora mistari.

Kompaundi ina mafuta yanayojaza mikwaruzo na kukudanganya. Changanya spiriti na maji nusu kwa nusu, nyunyiza, futa kwa kitambaa laini safi, ndipo utazame kwa tochi ya simu ukiisogeza huku na huku. Ukiona mistari iliyonyooka, hiyo ni ya msasa, rudia kompaundi. Ukiona duara kama utando wa buibui, hiyo ni ya pedi ya manyoya na itaondoka hatua inayofuata.

Hatua ya nane: polishi na kinga

Pedi ya sifongo laini, polishi nyepesi, mwendo uleule, joto kidogo. Kwenye gari jeusi hatua hii ndiyo itakayoonekana na kila mtu. Kwenye gari la fedha unaweza kuipita haraka.

Ondoa tepu. Kwenye ukingo patakuwa na ukanda mwembamba uliobaki na ganda lake la chungwa. Pitisha polishi kwa mkono, usiuguse kwa msasa.

Pima mara ya mwisho, na karatasi ya namba hizo ikae na kitabu cha gari. Gari likiuzwa, mpe mwenye kulinunua. Fundi atakayelishika baada yako anahitaji kujua kwamba mlango wa kushoto ulikuwa 124 na sasa ni 117, na kwamba haupaswi kupigwa msasa tena.

Rangi ya kiwandani ilishaiva tanurini, kwa hiyo nta au kinga nyingine ya juu unaipaka siku hiyohiyo, tofauti na gari lililotoka kupigwa rangi gereji ambalo huachwa wiki kadhaa. Nta kwenye jua letu haidumu. Mimi naipaka upya kila baada ya miezi miwili, paa na boneti kwanza. Na unapoosha, likaushe gari kwa kitambaa kabla jua halijayakausha maji, hasa kama ni ya kisima.